Laivu ni Kazi: Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza

Maswali ya safari hii yote yanahusu laivu, yaani kujirusha moja kwa moja mtandaoni kwa simu, watazamaji wakitoa zawadi zinazogeuka hela. Nimeyafupisha, na majina nimeyaondoa.

Shikamoo dada. Nasuka saluni Igoma. Tangu mwaka jana naingia laivu TikTok kila usiku, saa nne mpaka saa nane. Wiki nyingine zawadi zinapita hela ya saluni, wiki nyingine napata ya bando tu. Ajenti wangu, anayesimamia watu wa laivu, anasema nisipotimiza masaa niliyopangiwa nitapotea. Niache saluni nikomae na laivu?

Marahaba mdogo wangu. Saluni usiiache.

Tupige hesabu kwanza. Mtu akikurushia ua moja la waridi, ametoa koini moja ya TikTok, ambayo aliinunua kwa senti moja na kidogo ya Marekani. TikTok wanakata kama nusu, kinachobaki ndiyo chako. Kwa hiyo maua elfu moja, ambayo yatakuchosha mdomo kwa kushukuru, ni kama dola 5 tu. Anayekupandishia hela ya wiki ni yule mmoja au wawili wanaorusha zawadi kubwa. Wakihamia kwa mwingine, au mshahara wao ukichelewa, na yako imechelewa. Ndiyo maana hela inapanda na kushuka hata pale ambapo hujakosea chochote.

Halafu hayo masaa. Ajenti wako hakudanganyi, ukikosa unasahaulika, na hata wakubwa yamewakuta. Juni 2018 Tyler Blevins, yule Ninja wa Twitch, mtandao wa laivu za gemu, aliyekuwa juu ya wacheza gemu wote, alipumzika kwa muda usiofika saa 48 akasema amepoteza watu 40,000 waliokuwa wanamlipia kila mwezi. Sasa wewe, ukilazwa Bugando wiki mbili na malaria, ajenti atakulipa? Na Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zilipokatika baharini na nchi nzima ikahangaika na mtandao, wa laivu alikaa bure na msusi akasuka.

Ningekuwa wewe, ningehamisha laivu iwe mchana, palepale saluni, siku mbili au tatu kwa wiki, kwa ruhusa ya mwenye saluni na ya mteja aliyekaa kwenye kiti. Simu ielekeze kwenye vidole. Watu wanapenda kuona mkia wa kitana unavyogawa mstari, rasta inavyoanzwa bila kuvuta nywele za mbele, na mafuta unayopaka kabla. Taja bei na muda. Anayekuangalia yuko Buzuruga, kesho anapanda daladala anakuja, na hela atakayokupa mkononi haikatwi nusu na TikTok. Usiku lala. Umeniandikia kwamba siku hizi mikono inakutetemeka asubuhi, na hilo limenisumbua kuliko maswali yako yote.

Mkataba wa ajenti usome hadi mwisho kabla ya kuongeza muda. Akikuomba neno lako la siri, achana naye.

Naitwa mama wa dagaa, niko Mwaloni Kirumba. Mwanangu ananiwashia laivu, watu mia mbili wanaingia, wanacheka, wanasalimia, wanaondoka. Hakuna anayenunua. Tatizo nini?

Mama, shikamoo. Niliangalia laivu yako mbili. Watu wanakuona wewe, mzigo hawauoni. Simu imesimama mbali, gunia limefungwa, na bei unaitaja pale tu mtu anapouliza.

Mnunuzi wa Dodoma au Morogoro anaogopa vitu vitatu: mchanga, unyevu, na dagaa wazuri kuwekwa juu tu. Basi mtoe hofu hiyo mbele ya macho yake. Fungua gunia, zamisha mkono hadi katikati, toa kiganja, sogeza kwenye kamera. Wavunje wawili watatu karibu na simu asikie wanavyokatika, maana dagaa mbichi hakatiki hivyo. Mwaga sado moja kwenye ungo mweupe, pepeta, onyesha kilichobaki chini. Sema wamekauka kwenye chanja au kwenye mchanga, kwa sababu bei zake ni tofauti na mnunuzi anajua. Mchina Li Jiaqi, aliyeuza rangi za mdomo 15,000 ndani ya dakika tano mwaka 2018, kazi yake ilikuwa kujipaka mwenyewe kwenye kamera, moja baada ya nyingine. Siri ni hiyohiyo.

Bei iandike kwenye karatasi kubwa nyuma yako: ya sado, ya debe, ya gunia, na nauli ya basi mpaka mikoa unayotuma. Weka pia lipa namba yenye jina la biashara yako. Mzigo ukipakiwa, piga picha ya risiti ya basi umtumie mteja papo hapo, na siku akiupokea muombe aingie laivu yako aseme mwenyewe.

Tena laivu isiwe kila siku. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba mbalamwezi ikiwa kali, karabai za wavuvi za kuvutia dagaa usiku hazina kazi na mzigo unakuwa haba. Siku hizo usiuze. Pika. Wafundishe wa bara kuosha dagaa kwa maji ya moto na kuunga kwa karanga. Giza likirudi, watakuwa wanakusubiri.

Dada, kuna kaka yuko nje ya nchi ananirushia zawadi kubwa kila usiku. Sasa anataka namba yangu, na anasema akija Mwanza atanitafuta Nyakato kwa sababu ameshajua mtaa. Nikimkatalia napoteza hela.

Utapoteza hela, ni kweli, na mimi sitakudanganya kwamba nyingine itakuja haraka. Mkatalie hata hivyo. Zawadi ni zawadi; haikuwekei deni. Mwambie mara moja, kwa heshima, kwamba namba hutoi. Akiendelea, mbloku.

La mtaa ndilo linalonitisha. Tazama laivu zako za nyuma ukiwa na macho ya mgeni: bango la duka dirishani, sauti ya kondakta akiita kituo, ukuta wa jirani. Hamisha simu itazame ukuta mtupu. Usiingie laivu ukiwa njiani kurudi nyumbani. Teua mtu unayemwamini awe msimamizi wa komenti ili usisome matusi peke yako. Akikutisha, piga picha za skrini kabla hajafuta, nenda nazo polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa wanaonyanyasa wenzao mtandaoni, na una haki ya kusikilizwa bila kuulizwa kwa nini ulikuwa laivu.

Kwenye bato, yaani mashindano ya laivu, nikishindwa napewa adhabu ya kula pilipili mbichi. Watazamaji wanaongezeka. Niendelee?

Hapana. Wiki ijayo watataka kikubwa zaidi, na tumbo ni lako.

Mimi ni kijana wa kivuko cha Kamanga. Jumapili jioni nawasha simu naonyesha ziwa tu, mawe, mitumbwi inavyorudi. Wanaingia kama sitini, wengi wako Oman na Marekani, wa nyumbani. Zawadi hakuna. Napoteza muda?

Kaka, hupotezi. Mtu aliyetoka hapa miaka kumi iliyopita, amemaliza zamu Maskati, anakuomba usogeze simu aone Jiwe la Bismarck, na wewe unasogeza. Huko kusalimiwa kwa jina na watu wenye hamu na kwao ni malipo, na wengi wanaovuna koini hawayapati. Usilazimishe kuligeuza liwe biashara. Ila bando si bure: waambie wazi, anayeweza akuchangie ya mwezi. Wa nyumbani hawakasiriki kwa hilo.

Mume wangu anaingia laivu sebuleni kila jioni. Ananiita nipite, na binti yetu wa miaka tisa anamchezesha watu warushe maua. Nikilalamika anasema ndiyo inalipa kodi ya nyumba.

Mama, una haki ya kukataa sura yako isionekane, hata kama inalipa kodi. Kaa naye asubuhi, simu ikiwa imezimwa, umwambie mambo mawili. Wewe utatokea siku unayotaka mwenyewe. Mtoto hatokei kabisa. TikTok wenyewe hawaruhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha laivu, na wakiona mtoto ndiye anayeiendesha, akaunti anayoitegemea mumeo inaweza kufungiwa. Lakini hata wangeruhusu, mtoto wa miaka tisa hajui nani yuko upande wa pili akimwambia acheze tena. Muombe mume ahamie chumba chenye mlango. Akikataa, ita mshenga wenu au kaka yake mkubwa aje kuzungumza, mapema, kabla binti hajaanza kuuliza amepata maua mangapi.