Kuwinda kulungu katika hifadhi ya jimbo, Minnesota

Ndugu, umeuliza kama kibali cha kuingia hifadhini na gari, ulicholipia, kinakuruhusu kuwinda kulungu katika hifadhi ya jimbo la Minnesota, kwa kuwa ni ardhi ya umma. Hakikuruhusu. Hifadhi hizo hufungwa kwa wawindaji, isipokuwa katika siku chache maalumu ambazo Idara ya Maliasili hutangaza, na nafasi nyingi hutolewa kwa bahati nasibu inayoombwa mapema. Kwa anayeanza, ningependelea maeneo ya usimamizi wa wanyamapori ya jimbo hilohilo, ambayo kwa kawaida huwa wazi msimu ukifika.

Kama ulizaliwa baada ya 1979, utahitaji kwanza cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha, kisha leseni. Msimu wa bunduki, kofia na vazi la juu ya kiuno sharti viwe vya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa; koti la kijani, hata likiwa zuri namna gani, liache nyumbani. Nyama ya kulungu aliyethibitika kuwa na ugonjwa sugu wa kudhoofu (CWD), unaowaua kulungu, isiliwe, kwa hiyo peleka sampuli ipimwe.

Ikiwa unaishi Marekani kwa viza ya muda, muone wakili wa uhamiaji kabla hujashika bunduki, hata ya kuazima.