Usingoje Iume: Maswali na Majibu Kuhusu Kisukari

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini, Muheza na Pangani. Nimeyafupisha na kuondoa majina. Waliouliza wapunguze au waongeze vidonge vingapi sikuwajibu, maana dozi hupangwa na anayekuona uso kwa uso na kuzipima figo zako.

Nesi, niliambiwa niache wali. Sasa nakula bada tu, chai naweka asali badala ya sukari, na bado sukari iko juu. Nakosea wapi? (Mzee, Ngamiani)

Shikamoo mzee wangu. Bada ni muhogo, na muhogo ni wanga mtupu. Aliyekukataza wali alikuwa na nia njema ila hakumaliza maneno yake. Wali, bada, sembe, chapati, magimbi, viazi vitamu, ndizi za kupika: vyote vikishafika tumboni vinageuka sukari ya damu. Dona ina nafuu kidogo kwa sababu ya pumba zake, lakini ukila mlima wa dona nafuu hiyo huioni.

Kwa hiyo wali wako wa nazi rudi nao, ila kwa kipimo. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, biringanya, kabichi. Robo iwe samaki, maharage au kunde. Robo inayobaki ndiyo ya wali, na tui liwe jepesi, maana mafuta mengi hayausaidii moyo. Najua kwetu watu hula sinia moja, na kwenye sinia robo ya mtu haionekani. Wewe pakua yako kwenye sahani kwanza, kisha keti na wenzako.

Asali ni sukari. Iwe ya nyuki wadogo, iwe ya Handeni, ni sukari. Machungwa je? Msomaji wa Muheza naye ameuliza hilo, basi nimjibu hapa hapa: kula chungwa moja na nyama yake, usikamue. Glasi ya juisi inabeba machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Dafu lina sukari chache kuliko soda, lakini si la kunywa kama maji.

Kama una mashine nyumbani, pima kabla ya kula na saa mbili baadaye. Wengi hulenga 4 hadi 7 (kwa mashine inayosoma mmol/L) kabla ya chakula, na chini ya 10 baada yake. Kwa mtu wa umri wako daktari anaweza kulegeza kidogo, maana sukari kushuka sana nako ni hatari. Ukipima hivyo siku chache utajua mwenyewe chakula kipi kinakupandisha, na hutahitaji kukatazwa na kila anayekutembelea.

Miguu inawaka moto usiku, mchana ina ganzi. Kandambili inaweza kuchomoka mguuni nisijue mpaka nigeuke nyuma. Jirani anasema niiloweke kwenye maji moto ya chumvi. (Mama, Makorora)

Dada, usiloweke. Hiyo kandambili inayochomoka bila wewe kujua inaonyesha neva za miguu zimeshaumia. Mguu usiosikia kandambili hautasikia maji yanayounguza. Utatoa mguu kwenye beseni ukiwa na malengelenge, na lengelenge kwa mwenye kisukari ni mwanzo wa kidonda kisichopona. Sehemu kubwa ya miguu inayokatwa ilianza hivyo, kwa kitu kidogo: mwiba, sugu, kiatu kilichobana, kucha iliyokatwa vibaya. Mwenyewe hakusikia maumivu, akaendelea kukitembelea.

Kwa kuwa maumivu hayatakuamsha, macho ndiyo yafanye kazi hiyo. Kila usiku kabla ya kulala angalia miguu kwenye mwanga mzuri: visigino, nyayo, katikati ya vidole. Huwezi kuinama? Weka kioo chini, au mwite mtoto akuangalizie.

Ukiwa mtu wa swala tano, vidole vyako vinalowa mara tano kwa siku. Baada ya udhu pangusa katikati ya vidole mpaka pakauke. Unyevu ukikaa pale unaleta fangasi, ngozi inachanika, na vijidudu vinapata pa kuingilia. Mafuta ya nazi paka visigino na nyayo zisipasuke, ila usiyatie katikati ya vidole.

Kandambili iache. Nunua viatu vya kufunika vidole, au makubazi yenye mkanda nyuma ya kisigino, na uvinunue jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Kabla ya kuvaa, kung'uta na upitishe mkono ndani. Usitembee peku hata uani, na ule mchanga wa Raskazone wa saa saba mchana usiukanyage kabisa. Kama unaendesha baiskeli, endelea nayo, ni mazoezi mazuri kwa mguu wenye ganzi kwa sababu haubebi uzito wote wa mwili. Ila uvae viatu, pedali inachubua.

Sugu usiikate kwa wembe. Ukiona kidonda, hata kama hakiumi, kisafishe kwa maji safi, kifunike kwa kitambaa kisafi na ufike kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Usitie majivu, dawa ya meno wala unga wa kapsuli. Huo unga wa kapsuli hata sijui ulianzia wapi, ila nauona kila mara.

Kuhusu kuwaka moto, dawa zipo, uliza kliniki. Na kama umetumia metformini, vile vidonge vya kisukari, kwa miaka mingi, waambie wafikirie pia upungufu wa vitamini B12, kwa sababu nao huleta ganzi.

Mwanangu ana miaka 11, anachoma insulini. Friji sina, na kwa jirani umeme unakatika. Halafu kuna mganga anasema atamwachisha sindano. (Mama, Pangani)

Mama, nianze na mganga: hapana. Kongosho la mwanao halitoi insulini, na hakuna mzizi wala jani linaloweza kushika nafasi yake. Akiachishwa, damu inajaa tindikali. Atatapika, atahema kwa kasi na kwa nguvu, atalala usingizi usioamshika, na ndani ya siku chache anaweza kufa. Kabla insulini haijagunduliwa Toronto mwaka 1921, watoto wa aina hii hawakuwa na maisha marefu. Wa kwanza kuchomwa, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki mifupa, na aliinuka.

Kuhifadhi sasa. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kamwe isigande. Iliyofunguliwa, nyingi hukaa wiki nne nje ya friji iwapo joto halizidi nyuzi 25 hadi 30. Soma karatasi ya chupa yako. Joto la Januari hadi Machi kwetu linazidi hapo, kwa hiyo tumia vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Chupa itie kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo chungu hakipoi kama kingepoa bara, lakini ni bora mara nyingi kuliko kabatini. Waombe zahanati wakuwekee akiba, uchukue chupa moja moja. Sukari ikipanda bila sababu unayoijua, au dawa iliyokuwa angavu ikawa na ukungu au chembe, shuku chupa.

Mwalimu wake ajue pia. Mtoto akitoka jasho, akitetemeka au akiongea maneno yasiyoeleweka, au kipimo kikiwa chini ya 4, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Nina sukari lakini nataka kufunga Ramadhani. (Baba, Chumbageni)

Inategemea. Anayetumia metformini peke yake mara nyingi anaweza. Anayechoma insulini mara kadhaa kwa siku, mwenye figo dhaifu, au aliyezimia kwa sukari kushuka hivi karibuni, kwake ni hatari, na ruhusa ya mgonjwa iko wazi ndani ya Qurani (Al-Baqara, aya ya 184 na 185). Nenda kliniki mwezi mmoja au miwili kabla mwezi haujaandama, kwa sababu dawa kama glibenklamidi hubadilishwa dozi na saa. Daku usiiache, na uicheleweshe. Kujipima kidole hakubatilishi funga kwa wanazuoni walio wengi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki nusu saa. Kwenye futari anza na maji na tende moja au mbili. Kaimati za sharubati sizitetei.

Nguvu za kiume zimepungua. Nimeona vidonge vinauzwa dukani. (Duga)

Kaka, hujarogwa. Sukari na presha huharibu neva na mishipa ya damu, na mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huonyesha dalili mapema. Mwambie daktari bila haya, akupime na moyo. Vidonge hivyo ukichanganya na ile dawa ya moyo inayowekwa chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka ukafa. Sigara nayo iache.

Naona vizuri na sukari yangu ni 6. Kwa nini nipimwe macho na mkojo kila mwaka? Na je, si kweli kwamba metformini inaua figo? (Sahare)

Mishipa ya ndani ya jicho inaweza kuvuja bila kuuma na bila kupunguza uoni, na ukianza kuona giza sehemu kubwa imeshaharibika. Figo nazo ni hivyo: protini huonekana kwenye mkojo kabla mwenyewe hajahisi chochote. Zinazoua figo ni sukari na presha, si metformini. Figo zikidhoofika ndipo dozi hupunguzwa au dawa kusimamishwa. Na hiyo 6 ni ya asubuhi moja tu, omba pia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Presha usiisahau: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulionyesha kwamba kuidhibiti vizuri kwa wenye kisukari kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44.

Wakikupa rufaa ya macho kwenda hospitali ya Bombo, nenda. Siku hiyo usiende na baiskeli: matone ya kupanua mboni yanakuachia ukungu kwa saa kadhaa. Nenda na mtu.