Robota la mabua ya ngano: kazi iliyopo kabla ya kupanda

Mgeni wa kilimo cha kupanda mboga ndani ya robota, yaani furushi la mabua makavu lililokazwa kwa kamba, huuliza kwanza apande nini. Aanze kwa kuuliza ananunua robota gani. Ukiomba "hei" (nyasi kavu) Nakuru, yaelekea utauziwa nyasi za Boma Rhodes, na hicho ni chakula cha ng'ombe. Hukatwa na mbegu zake, kwa hivyo ukilimwagilia litaota nyasi juu na ubavuni mpaka miche imezwe. Unachotaka ni mabua ya ngano au shayiri, yale yanayobaki kombaini, mashine ya kuvunia, ikishapita mashamba ya Njoro na Mau Narok: ya manjano, yenye uwazi ndani, yasiyo na masuke. Walio Kisumu watumie mabua ya mpunga kutoka Ahero, mradi yawe yamekazwa sawasawa. Robota lililolegea halishiki maji.

Muulize muuzaji shamba lilipuliziwa dawa gani ya magugu. Baadhi ya dawa za magugu ya majani mapana hudumu ndani ya bua kwa miezi mingi, na nyanya na maharagwe pia yana majani mapana. Asipojua, pima mwenyewe. Panda maharagwe kwenye mikebe mitatu ya udongo uliochanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, na mitatu ya udongo mtupu. Baada ya wiki tatu, majani yakijikunja kama kikombe kwenye mikebe ya mabua pekee, usitumie mzigo huo, hata kwa mboji.

Lipange robota mahali pake likiwa kavu, maana likishalowa hata watu wawili watahangaika kulisogeza. Lilaze ili kamba zipite ubavuni na ncha zilizokatwa zitazame juu; maji hushuka ndani ya mabua kama kwenye mrija. Piga vigingi imara kila mwisho wa mstari, kwa sababu kamba ya katani huoza kabla ya msimu kwisha. Magharibi mwa Kenya mchwa hawatakusubiri uvune, kwa hivyo usilaze robota juu ya udongo mtupu. Tandika nailoni nzito yenye mteremko kidogo, au tumia sakafu ya mawe ya ploti.

Sasa kuna siku kumi za kulipika, yaani kulitia mbolea na maji lianze kuoza kabla ya kupanda, na hapa ndipo wengi huharibu. Bua lina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo mno. Vijidudu vinavyoliozesha vitanyang'anya mche nitrojeni yote usipovilisha kwanza. Siku ya 1, 3 na 5, nyunyiza gramu 150 za CAN, mbolea ya nitrojeni, juu ya kila robota, kisha mwagilia polepole mpaka maji yatone chini. Siku ya 2, 4 na 6 ni maji tu. Siku ya 7, 8 na 9, gramu 75 za CAN na maji. Siku ya 10, gramu 150 za NPK 17:17:17, mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa kwa sawa. Ukitumia yurea badala ya CAN, punguza karibu nusu: yurea ina nitrojeni asilimia 46, CAN 26. DAP tuliyozoea kupandia mahindi haifai hapa, maana ina fosforasi nyingi na nitrojeni asilimia 18 tu. Samadi ya kuku hufaa, lakini tenga wiki tatu badala ya siku kumi.

Robota litapata joto hata kupita nyuzi 50. Usipande kwa kalenda. Tumbukiza kidole chote ndani: likiwa vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto, panda, likichoma au likinuka kama mkojo, ngoja. Baridi ya usiku Nakuru huongeza siku kadhaa. Lisipopata joto kabisa, choma shimo kwa nondo, na mara nyingi utakuta katikati ni kukavu. Uyoga ukichomoza ni dalili njema, lakini usiule.

Robota moja hubeba nyanya 2, au sukuma wiki 4, au pilipili hoho 3. Dania na managu yanayopandwa kwa mbegu huhitaji tabaka la mboji la sentimita 5 juu. Mahindi achana nayo, yataanguka.

Kisumu mwagilia asubuhi na jioni. Nakuru mara moja hutosha. Maji yanayopita huondoka na chakula, kwa hivyo kila wiki weka kijiko kimoja cha mezani cha CAN kwenye lita 10. Majani ya chini yakigeuka manjano, ni njaa ya nitrojeni. Nyanya zikioza kitako, tatizo kwa kawaida ni maji ya leo mengi, kesho hakuna.

Faida kubwa ya robota ni kukwepa mnyauko bakteria, ugonjwa unaonyausha mmea mzima, uliojaa kwenye udongo wa nyanya na viazi. Lakini mizizi ikipenya chini, au mche ukitoka kitalu kichafu, umeurudisha mwenyewe. Nailoni ile ya mchwa huzuia mizizi isipenye pia.

Miti ya kushikilia nyanya iwe ardhini au kwenye debe la zege, si ndani ya robota, kwani kufikia mavuno robota litakuwa limebonyea karibu nusu na kila kilichosimikwa juu yake kimelala.