Gorbachev hakusaini kuvunja Umoja wa Kisovieti

Kuna wanaosema Gorbachev, rais wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti, alinunuliwa na Wamarekani akasaini kuuvunja. Hapana ndugu, hati ya kuuvunja hakuisaini yeye. Ilisainiwa 8 Desemba 1991 kule Belarus na viongozi wa jamhuri tatu za muungano huo, Yeltsin wa Urusi, Kravchuk wa Ukraine na Shushkevich wa Belarus, Gorbachev wala hakuwepo, alikuja kupewa taarifa mambo yameshaisha. Mwenyewe alitaka muungano ubaki ila mkataba wake uandikwe upya, ndo maana Machi mwaka huohuo aliitisha kura ya maoni na zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga wakasema ubaki, halafu Agosti watu wake mwenyewe serikalini wakamfungia kwenye nyumba ya mapumziko Crimea wakijaribu kumpindua, na hapo ndo nguvu zilimtoka zikahamia kwa Yeltsin. Alichosaini yeye ni kujiuzulu, 25 Desemba, tena kwa kalamu aliyoazimwa na bosi wa CNN aliyekuwepo pale kwa sababu kalamu yake mwenyewe iligoma kuandika. Tafuta ile hotuba yake ya kuaga usikilize, anasema wazi kwamba mfumo wa zamani ulianguka kabla mpya haujaanza kufanya kazi, na kwangu hayo ndo maelezo ya kweli kuliko hizi stori za kununuliwa na Wamarekani.

Ila ile kura ya maoni ya Machi msiichukulie kama sauti ya wote, jamhuri 6 za muungano ziligoma kuiendesha, Lithuania ilishatangaza kujitoa tangu 1990, na Januari 1991 wanajeshi wa Kisovieti waliua raia Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, Gorbachev akiwa rais.