Jina la biashara si alama ya biashara

Dada, umeuliza kama cheti cha jina la biashara kinatosha kulinda nembo ya sabuni zako hapo Mbarara, Uganda. Hakitoshi. Kile kinakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo tu. Alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa zako, husajiliwa peke yake, chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010. Ofisi ni ileile ya URSB, yaani ofisi ya serikali ya usajili wa biashara Uganda, makao yake Kololo, Kampala.

Anza na upekuzi, yaani kuangalia kwenye daftari la alama kama ipo inayofanana na yako; tafadhali usiuruke. Binamu yangu alichapisha lebo nyingi kabla ya kupekua, akakuta jina linalofanana na lake limeshasajiliwa. Lebo zote zikawa hasara.

Chagua daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma, kwa makini. Yapo 45, na ulinzi unafuata yale uliyoyaombea. Sabuni iko daraja la 3. Ukitaka kulinda na huduma za duka, hilo ni la 35, na kila daraja lina ada yake. Jina linaloeleza bidhaa tu, mfano "Sabuni Safi", huwa gumu kukubaliwa, kwa hiyo buni neno lako mwenyewe.

Ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 60. Asipojitokeza mtu, unapata cheti cha miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara.

Na kama unavusha mzigo kwenda Kenya au Rwanda, cheti cha Uganda hakikulindi huko.