Mlioanza Kazi Msimu Huu: Msikimbilie Neno la Kwanza

Juzi mgeni wa chumba cha juu aliagiza "acqua calda", na mmoja wenu, simtaji, akampandishia jagi la maji ya barafu. Mgeni ana majani ya chai kikombeni! "Calda" kwa Kiitaliano ni ya moto, wanangu. Kufanana kwake na "cold" ya Waingereza ni sauti tu. Kila msimu hapa Malindi maji haya ya barafu hupanda ngazi, na kamusi ya mkononi, kile kidude cha betri cha Kiingereza na Kiitaliano, iko mfukoni mwa aliyeyabeba. Basi mkiitumia, shikeni haya.

1. "Vengo", yaani naja, hamtaipata. Andikeni kitenzi chenyewe, "venire", kuja. Msiseme kidude kibovu.

2. Mkisema jambo lililopita, tazameni kitenzi kinatumia "essere" (kuwa) au "avere" (kuwa na). "Ho andato" nimechoka kuisikia, ni "sono andato", nimekwenda.

3. Shukeni mpaka mwisho wa maelezo. Kioo kinaonyesha mistari michache, na maana ya kukufedhehesha iko chini yake. Mimi yalinikuta nikiwa mfagiaji kwenye nyumba ya Waitaliano. Kusi ilikuwa imejaza vijani vya mivinje barazani, na pale pale ameketi bibi mmoja mtu mzima na mumewe, na jamaa zao, wanakunywa kahawa. Nikaona adabu ni kuomba ruhusa kwa lugha yao. Nikajibanza nyuma ya nguzo, nikaandika "sweep", kikanipa "spazzare" na "scopare". La pili likanikaa vizuri mdomoni. Nikalifungua hata: maana ya kwanza, kufagia. Basi nikatoka na ufagio wangu, nikainama kidogo: "Signora, posso scopare?"

Vikombe vikagandia hewani. Mume akanitazama mimi, akautazama ufagio, akamtazama mkewe. Yule bibi ndiye aliyeniokoa. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauonyesha ufagio kwa kidole: "Spazzare, caro, spazzare." Sikuelewa kitu, nikafagia tu. Jioni ndipo nilipobonyeza mshale wa chini nikakuta maana nyingine, mbele yake "volg.", yaani lugha chafu, na kitendo chenyewe ni cha chumbani, mlango umefungwa. Mpishi naye hakuniacha: kila asubuhi, "Leo wamfagia nani?"

Kamusi haikudanganya, neno ni la kufagia kweli. Na "scopa", ufagio, ni neno safi, hata mchezo wao mmoja wa karata unaitwa hivyo. Lakini mkiona "volg.", tafuteni jingine. Mkiona "fam.", yaani lugha ya mazoea, na mnayeongea naye ni mtu mzima, vilevile.

4. Neno mlilolipata ligeuzeni, mlisome upande wa Kiitaliano pamoja na mifano yake. "Pretendere" si kujifanya kama "pretend" ya Waingereza, ni kudai. Kuna aliyetaka kusema mgeni anajifanya mgonjwa, tukabaki tunauliza anadai nini.

5. Herufi ya mwisho isiwahadae. "Mano", mkono, inaishia na "o" kama maneno ya kiume, lakini ni ya kike, "la mano". Tazameni "f.", alama ya kike, pembeni.

6. Betri za akiba ziko droo ya mapokezi. Anayezichomoa kwenye rimoti ya AC ya mgeni namjua, azirudishe kabla mgeni hajaamka.