Usitoke kliniki bila kuambiwa presha yako

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia: mimba ya wiki 31, uso na vidole vimevimba, mama mkwe anasema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume. Nikamjibu maneno matatu: nenda hospitali leo. Akaona namtisha.

Natisha kwa sababu presha ya mimba ilinikuta na mimi. Mimba yangu ya pili, hapa Tanga, nilihudhuria zahanati mara mbili na mara zote mbili kipimo cha presha hakina betri. Kadi yangu ikaandikwa kistari mahali pa namba. Mpaka leo kile kistari kinaniuma. Kichwa kikanigonga siku tatu, nikawa nameza vidonge tu. Siku ya nne naona nyota nyota, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Wifi akasema vidonda vya tumbo. Mume wangu hakubishana na mtu, akaita bajaji.

180 kwa 120, na protini imejaa kwenye mkojo. Nikachomwa magnesi, kwanza ya mshipa, kisha gramu 5 kila kalio. Jamani, mwili unawaka kama umemwagiwa pilipili! Ile haishushi presha, inazuia kifafa cha mimba. Ya kushusha ni nyingine, nayo nilipewa. Muuguzi alikuwa akija kunigonga goti kwa kinyundo, anahesabu pumzi, anatazama mfuko wa mkojo. Nikadhani ananichezea, kumbe magnesi ikizidi hukata pumzi. Wakanipa na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kisha upasuaji, maana ugonjwa huu chanzo chake ni kondo la nyuma, na kondo lisipotoka hauponi.

Alizaliwa njiti, kilo 1.4. Sasa yuko darasa la pili, anamshinda kaka yake hesabu.

Kwa hiyo dada zangu, ulizeni namba! Bei ya kila kitenge sokoni mnaijua, presha zenu hamzijui. 140 kwa 90 si ya kunyamazia. 160 kwa 110 usilale nyumbani. Na ukishajifungua usijione umevuka: jirani yangu wodini alipata degedege siku ya pili, ndugu zake wakaanza kutaja mganga. Pimeni, nasema tena, pimeni.

Yule dada aliandika jana usiku. Amelazwa, 170 kwa 115. Analalamika makalio yanamuuma. Nikamjibu, najua.